Mvua Imerudi, Lakini Using'oe Mahindi Yako Upesi

Ndugu mkulima, je, umepata kusimama kando ya shamba lako asubuhi, baada ya mvua ya kwanza iliyofuata jua kali la wiki tatu? Ulitazamia kuyaona mahindi yamesimama wima na kung'aa. Kumbe yamelegea vile vile kama jana. Majani ya chini yamekuwa manjano, na ya juu yamejikunja kama mtu aliyejifunika blanketi. Basi moyo unavunjika. Unasema, "Hata mvua imeshindwa kuyaponya. Haya yamekwisha kufa." Ndipo unapokwenda kumtafuta mwenye trekta au mwenye ng'ombe wa kulimia ili aje kuyageuza yote chini, upate kupanda tena.

Nataka kuzungumza nawe juu ya asubuhi hiyo, kwa kuwa wakulima wengi hupoteza mazao yao baada ya jua kupita na mvua kurudi. Ukiitumia vibaya wiki moja tu, utapoteza mbegu, fedha na miezi. Tena unaweza kupoteza hata ng'ombe.

Mimi ni karani katika afisi ya kilimo. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, na tabia ya ualimu haijaniacha. Kwa hiyo nivumilie nikianza na kisa, kisha nikutie darasani kidogo, halafu tutoke tena shambani.

MZEE ALIYELETA MAITI

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, mzee mmoja wa skimu yetu aliingia afisini na gunia begani. Aliliweka juu ya meza, akatoa shina moja la mahindi pamoja na mizizi na udongo wake.

"Bwana Karani," akasema, "nimekuletea maiti. Nataka unionyeshe mahali pa kupata mbegu upesi. Trekta inakuja kesho."

Bwana Shamba alikuwa amekwenda kuwatembelea wakulima. Nikamwuliza, "Mzee, mvua ilinyesha lini kwako?"

"Juzi usiku. Ilinyesha vizuri kabisa, udongo umelowa kupita urefu wa kiganja. Nimengoja jana kutwa na leo asubuhi. Hayaamki."

"Na shamba ni eka ngapi?"

"Tatu."

Nikatandika gazeti kuukuu mezani, nikachukua kisu, nikalipasua lile shina katikati kwa urefu, kutoka juu mpaka kwenye mizizi. Pale chini, juu kidogo ya mizizi, palikuwa na ncha ndogo nyeupe, ngumu, safi kama muhogo uliomenywa sasa hivi. Nikamwonyesha. "Mzee, ukiona hii ni nyeupe hivi, mmea huu haujafa. Unafanya kazi ambayo mimi na wewe hatuioni. Mwambie mwenye trekta angoje mpaka Jumamosi. Nitakuja na Bwana Shamba tutazame pamoja."

Alinitazama kwa mashaka. Nami sikumlaumu, kwa sababu miaka michache kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo lile lile alilotaka kulifanya yeye. Nilikuwa na eka moja ya mahindi. Jua likachoma, mvua ikarudi, na siku ya pili nikakodi ng'ombe nikaligeuza shamba lote. Jirani yangu, mama mmoja ambaye hakuwa na fedha za kukodi ng'ombe, aliyaacha ya kwake kama yalivyokuwa. Mahindi yake yakaamka. Yangu ya pili yalichelewa, mvua ikaisha kabla hayajajaza punje. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, yeye alikuwa akila mahindi ya ghala lake, na mimi nilikuwa nikinunua unga dukani. Nilijiuliza, je, mmea ule ulikuwa ukifanya nini siku zile ambazo mimi niliuona umekufa? Nikaanza kusoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

MMEA HUJIWEKEA AKIBA

Kila sehemu ya mmea iliyo hai ina protini ndani yake. Protini ni kama mkufu mrefu wa shanga. Shanga zenyewe huitwa asidi-amino, nazo ni za namna 20. Kila ushanga una nitrojeni ndani yake, yaani kitu kile kile unacholipia fedha unaponunua gunia la mbolea ya CAN. Mmea huchukua nitrojeni kutoka udongoni, ukatengeneza shanga hizo, kisha ukazitunga kuwa majani, mashina na punje.

Sasa jua likizidi na udongo ukikauka, mmea hufunga vile vitundu vidogo sana vilivyo juu ya majani, ili maji yaliyobaki ndani yasitoke. Hilo ni jambo la busara, lakini lina gharama yake. Vitundu hivyo ndivyo pia njia ya kuingizia hewa ambayo mmea huitumia kujitengenezea sukari. Vikifungwa, sukari hupungua. Ni kama watu wa nyumba waliofunga milango kwa kuogopa wezi: mwizi hawezi kuingia, lakini wenyewe nao hawawezi kwenda sokoni. Mmea unaanza kuona njaa hali jua linawaka juu yake.

Njaa ikiingia, mmea hufanya mambo mawili.

Jambo la kwanza, huanza kufungua mikufu ya majani ya zamani, yale ya chini. Shanga zikitoka, nyingine huchomwa kama kuni, badala ya sukari iliyokosekana. Miongoni mwa asidi-amino zinazochomwa hivyo ni lisini, lusini, isolusini na valini. Lakini nitrojeni yake haitupwi. Hufungwa upya katika asidi-amino nyingine mbili, asparajini na glutamini, ambazo ni rahisi kusafirishwa, kisha hupelekwa kwenye sehemu changa. Kwa hiyo, ndugu mkulima, unapoona majani ya chini yamekuwa manjano wakati wa jua, usidhani kila mara kwamba ni kifo. Mara nyingi ni kama baba anayeuza mbuzi wawili ili watoto wasikose karo. Anapunguza kundi ili apate kuokoa nyumba.

Jambo la pili, mmea hukusanya kwa wingi asidi-amino moja iitwayo prolini. Mwaka 1954 wataalamu wawili, Kemble na Macpherson, walipima majani ya nyasi yaliyokatwa na kuachwa yanyauke, wakaona kwamba prolini iliongezeka kupita kiasi kilichoweza kutoka katika protini zilizofunguliwa. Maana yake ni kwamba nyasi zile, hata katika kunyauka, zilikuwa zikitengeneza prolini mpya. Tangu hapo jambo hilo limeonekana katika mimea mingi sana, na si katika ukame peke yake. Baridi kali na chumvi nyingi udongoni huleta hali hiyo hiyo.

Prolini inasaidia nini? Huyeyuka vizuri katika maji, na kwa hiyo huyashika maji yasitoke katika chembe za mmea. Tena huzilinda protini na ngozi nyembamba za chembe zisiharibike. Katika mahindi kazi yake inaonekana wazi kwenye ncha ya mzizi. Mwaka 1991 Voetberg na Sharp wa Marekani walieleza kwamba katika mizizi michanga ya mahindi iliyokuwa katika ukavu, prolini ilichangia mpaka nusu ya nguvu ya kushika maji karibu na ncha. Ndiyo sababu mzizi wa mahindi huweza kuendelea kushuka chini kutafuta maji hata majani yalipokwisha kusimama kukua.

MVUA INAPORUDI, AKIBA HUVUNJWA

Hapa ndipo penye neno kubwa la leo. Mvua ikinyesha, mmea hauamki mara moja kama mtu aliyemwagiwa maji usoni. Kwanza una kazi ya ndani.

Maji yakifika mizizini, mmea huacha kutengeneza prolini na huanza kuivunja. Kazi hii hufanyika katika vyumba vidogo sana ndani ya chembe, viitwavyo mitokondria, ambavyo ni kama vinu vya kusagia chakula kuwa nguvu. Kuvunjwa kwenyewe kuna hatua mbili, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani mfanyakazi wake maalumu. Mfanyakazi wa kwanza huivunja prolini ikawa kitu cha katikati ambacho kikirundikana huudhuru mmea wenyewe. Wa pili hukipokea na kukigeuza kuwa glutamati, asidi-amino isiyo na madhara. Wakati wa ukame yule wa kwanza huzuiwa asifanye kazi nyingi, ili akiba isiliwe mapema. Maji yakirudi, huitwa kazini kwa muda wa saa chache.

Faida yake ni mbili. Ya kwanza ni nguvu. Chembe moja ya prolini ikichomwa mpaka mwisho hutoa kama vipande 30 vya ile nguvu ambayo viumbe vyote hai huitumia kwa kazi. Nguvu hiyo inahitajika wakati huo hasa, kwa kuwa vitundu vya majani ndiyo kwanza vinaanza kufunguka na sukari mpya bado ni haba. Ya pili ni nitrojeni. Ile glutamati huweza kutumiwa kutengenezea asidi-amino nyingine, na hizo zikatungwa kuwa majani mapya na mizizi mipya. Hakuna kinachopotea bure. Kilichokuwa blanketi wakati wa shida kimekuwa chakula na matofali wakati wa kujenga.

Labda utauliza, je, kuvunja huko ni kwa lazima? Haiwezekani mmea ukae na akiba yake tu? Mwaka 2011 Sharma, Villamor na Verslues walieleza majaribio yao juu ya mmea mdogo wa ukoo mmoja na sukuma wiki na kabichi. Waliitumia mimea isiyoweza kuivunja prolini vizuri. Prolini ilikuwamo tele, lakini katika ukavu mimea hiyo ilikua kidogo kuliko wenzake. Akiba isiyofunguliwa haimlishi mtu, wala haiulishi mmea.

Kwa hiyo unapolitazama shamba siku ya pili baada ya mvua, unatazama nyumba ambayo watu wake wako ndani wanafungua magunia, wanasaga, wanatengeneza ukuta uliobomoka. Nje hakuna dalili. Mizizi midogo iliyokufa lazima imee tena, vitundu lazima vifunguke, chembe zilizoumia lazima zitengenezwe. Kazi hiyo yote huchukua siku, si saa.

MAMBO YA KUFANYA SHAMBANI

Sasa tutoke darasani. Kwa sababu hizo, fanya hivi mvua ikirudi:

1. Ngoja siku tano mpaka saba kabla ya kuamua kung'oa. Andika tarehe ya mvua mahali utakapoiona, hata kwa mkaa juu ya mlango wa ghala. Mtu mwenye wasiwasi huhesabu siku mbili akadhani ni sita.

2. Pasua mimea kumi. Usichukue yote mahali pamoja. Chukua miwili juu ya mteremko, miwili chini, mingine katikati na pembeni. Pasua kila shina kwa urefu kwa kisu kikali. Ncha ya kukua ikiwa nyeupe na ngumu, mmea u hai. Ikiwa ya rangi ya udongo, laini na yenye majimaji, mmea huo umekufa. Mahindi ambayo hayajafikisha majani sita yaliyofunguka kabisa huwa na ncha hiyo chini ya udongo bado, na ndiyo maana huweza kuchomwa sana juu yakafufuka.

3. Tazama jani jipya. Baada ya siku tano au zaidi, mmea ulio hai utaonyesha jani la kijani likitokea katikati. Usiyahesabu majani ya chini yaliyokauka. Hayo yamekwisha kutoa walichokuwa nacho, wala hayatarudi.

4. Palilia, lakini palilia juu juu. Magugu nayo yameponea mvua ile ile, tena yana haraka. Yaondoe kabla hayajayanyang'anya mahindi maji. Lakini jembe lisiingie sana, kwa kuwa mizizi mipya ya mahindi iko karibu na uso wa udongo, na ukiikata umeuondolea mmea kile ulichokijenga kwa akiba yake.

5. Usikimbilie mbolea ya kukuzia. Tia CAN wakati majani yamekwisha kufunguka na udongo una unyevu. Mmea ambao bado umejikunja hauwezi kuitumia vizuri, na mvua kubwa inaweza kuichukua mbolea yako ikaipeleka mtoni.

6. Ujue kinachoweza kupona na kisichoweza. Mahindi machanga yana nafasi nzuri. Lakini jua likiyapata mahindi wakati yanapotoa nywele, punje zilizokosa kushika hazitarudi hata mmea ukiwa kijani namna gani. Shamba kama hilo lipime kwa kuvua magunzi machache na kuyatazama. Likiwa halina punje, ni heri lifanywe chakula cha ng'ombe, lakini kwanza soma maneno yanayofuata.

Na wewe uliye Kinangop au Ol Kalou, ambako adui si jua tu bali na baridi inayoganda juu ya majani usiku, kanuni ni ile ile. Shamba la viazi lililochomwa na baridi usiliamulie asubuhi hiyo hiyo. Lipe siku zake, kisha tazama kama kunatoka machipukizi mapya chini.

NG'OMBE WASILE MAPEMA

Siku zile mmea unapojijenga upya ni siku za hatari kwa mifugo. Ng'ombe wa gredi ni mali kubwa katika nyumba ya mkulima wa skimu. Pengine alinunuliwa kwa mkopo ambao bado unalipwa. Tena baada ya ukame ng'ombe ana njaa, na akiona majani mabichi hawezi kujizuia. Kuna hatari mbili.

Hatari ya kwanza iko katika mahindi na nyasi za kukata. Mvua ikirudi, mizizi huvuta nitrojeni kwa wingi kutoka udongoni, ikiwa katika hali iitwayo naitreti. Lakini majani bado hayajapata nguvu ya kuigeuza yote kuwa asidi-amino. Basi naitreti hurundikana, hasa katika shina la chini. Ng'ombe akila nyingi, damu yake hushindwa kubeba hewa, nayo huwa ya rangi ya udongo mweusi. Kwa hiyo mahindi yaliyopatwa na ukame usiyakatie ng'ombe katika wiki ya kwanza baada ya mvua. Ukiyakata baadaye, acha kiasi cha futi moja ya shina shambani. Kuyafanya sileji hupunguza naitreti, lakini shimo lisifunguliwe kabla ya wiki tatu au nne.

Hatari ya pili iko katika mtama na nyasi za Sudan. Mimea hii huchukua asidi-amino iitwayo tirosini, ikaitumia kutengenezea kitu kiitwacho dhurini. Dhurini hukaa katika chumba kimoja, na kimeng'enya cha kuivunja hukaa katika kingine, kwa hiyo mmea hauna shida. Lakini ng'ombe akitafuna, ukuta wa katikati huvunjika, viwili hivyo hukutana, na sumu kali ya sianidi hutoka. Machipukizi machanga ya mtama, hasa yale yanayotoka baada ya ukame, huwa na dhurini nyingi sana. Ni mazuri kwa macho, ni kijani na laini, nayo huua kwa dakika chache.

Basi usiingize ng'ombe katika mtama unaochipuka mpaka upite inchi 24, na hata hapo usimwingize akiwa na njaa. Mpe kwanza nyasi kavu. Ukimwona ng'ombe aliyetoka katika mtama anahema haraka, anatetemeka, anayumba au ameanguka, usingoje kumtafutia dawa za kienyeji. Waondoe wenzake shambani mara moja, na mwite daktari wa mifugo wakati huo huo. Dawa iko kwa sumu zote mbili, lakini hufaa kama ikifika mapema, na lazima daktari aambiwe mnyama alikula nini.

Nilipokuwa mtoto, mama mmoja wa kijijini kwetu alipoteza ng'ombe wawili mchana mmoja kwa njia hii. Watu walisema amerogwa. Alikaa miaka mingi akimshuku jirani yake, na watoto wa nyumba hizo mbili tulikatazwa kucheza pamoja. Leo nikikumbuka machipukizi yale ya mtama kando ya zizi, naona kwamba jirani yule hakuwa na kosa lo lote. Kutojua kuliwaua ng'ombe wawili, kisha kukaua na ujirani.

JUMAMOSI KWA MZEE

Jumamosi tulikwenda, mimi na Bwana Shamba, kama nilivyoahidi. Mzee alikuwa akitungoja kwenye lango. Hakusema neno, alituongoza tu shambani. Katika eka mbili za bondeni, karibu kila shina lilikuwa limetoa jani jipya katikati, kijani, limesimama kama mkuki. Majani ya chini yalikuwa makavu, yakilialia kwa upepo.

Lakini eka ya tatu, iliyo juu kwenye mawe ambako udongo ni mwembamba, haikuamka. Bwana Shamba alipasua mashina kumi. Manane yalikuwa laini na meusi ndani. "Hii, Mzee," akasema, "imemaliza akiba yake kabla mvua haijafika. Hapa huna la kungoja. Lakini usirudie mahindi, kwa kuwa mbegu hizi zetu za nchi ya juu huchukua miezi sita na zaidi, nazo mvua hazitakungoja. Tia maharagwe."

Mzee akayatazama mashamba yake mawili kwa zamu, lile la bondeni na lile la mawe. Kisha akacheka kidogo. "Bwana Karani," akasema, "ile Jumanne trekta ingekuja, ingezika waliokufa pamoja na walio hai."

Nimeyaandika maneno hayo hapa kwa kuwa siwezi kuyaboresha. Mvua ikirudi, mkulima mwenzangu, usiwazike walio hai. Andika tarehe. Ngoja siku zake. Pasua mashina kumi. Zuia ng'ombe. Kisha, ukiwa umeona kwa macho yako mwenyewe, amua. Na kama una mashaka bado, lete shina moja afisini kwetu pamoja na mizizi yake. Kisu kipo, na gazeti kuukuu la kutandika mezani halikosekani.